Namba ya upole na foleni ya siku ya malipo

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana, niwieni radhi. Leo nimerudi na mada niliyotaka kuiandika tangu zamani: vipaumbele vya michakato katika Linux. Najua jina linatisha. Lakini jipatie kikombe cha chai ukae hapa, kwa sababu kama unatumia Linux, iwe ni seva ya kazini au kipakatalishi cha nyumbani, jambo hili linakuhusu. Mimi lilinifunza kwa aibu, mbele ya watu waliokuwa wakingoja pesa zao.

Nianze na misingi, kisha nitasimulia kisa.

NANI ANAPATA ZAMU?

Kompyuta yako huonekana kana kwamba inafanya mambo mia moja kwa wakati mmoja. Muziki unalia, kivinjari kiko wazi, barua pepe zinaingia. Ukweli ni kwamba kila kiini cha prosesa hufanya jambo moja tu kwa wakati wowote. Kinachotudanganya macho ni kasi ya kubadilishana zamu. Mchakato mmoja unapewa milisekunde chache, unaondolewa, mwingine unaingia, na mzunguko unaendelea.

Anayegawa zamu hizo ni sehemu ya keneli ambayo hapa nitaiita mpanga zamu. Katika Linux kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na mpanga zamu aitwaye CFS, aliyeandikwa na Ingo Molnár na kuingia katika toleo 2.6.23 mwezi Oktoba 2007. Tangu toleo 6.6 la mwaka 2023 nafasi yake imechukuliwa na mwingine aitwaye EEVDF. Wawili hao wana hesabu tofauti, lakini kitu kimoja hakikubadilika: wote wanasikiliza namba ndogo iitwayo nice.

Neno hilo la Kiingereza lina maana ya upole, wema, uungwana. Limetoka katika Unix ya miaka ya 1970, na mimi nalipenda sana. Waliolichagua hawakuuliza mchakato "una nguvu kiasi gani?" Waliuliza "una upole kiasi gani kwa wenzako?" Namba hiyo huanzia -20 hadi 19. Mchakato wenye 19 ni mpole kabisa: huwapisha wengine wote. Wenye -20 hauna adabu hata kidogo: husukuma watu mlangoni. Wa kawaida una 0. Kwa hiyo kumbuka jambo hili linalochanganya wengi: namba ikipanda, kipaumbele kinashuka.

Je, kunapisha kiasi gani? Hapa kuna hesabu halisi. Keneli huipa kila namba uzito wake. Sifuri ina uzito wa 1024. Moja ina 820. Kumi na tisa ina 15. Na -20 ina 88761. Michakato miwili ikigombania kiini kimoja, kila mmoja hupata sehemu kulingana na uzito wake. Mmoja ukiwa na 0 na mwingine 1, watagawana takriban asilimia 55 kwa 45. Hatua moja tu hiyo. Mmoja ukiwa na 0 na mwingine 19, wa pili hubaki na asilimia moja na nusu hivi.

Lakini angalia neno "ikigombania". Kama hakuna mwingine anayetaka prosesa, mchakato wenye 19 huipata yote, asilimia mia. Upole haupunguzi mwendo wa mtu aliye peke yake barabarani. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa Jumatano, tarehe 30 Desemba 2009. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeandika mfumo wa malipo wa chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, huko nyanda za juu. Chama sitakitaja. Kilikuwa na wanachama kama 1,400, na kila mmoja alileta maziwa asubuhi na jioni. Fanya hesabu: mara mbili kwa siku, siku 365, ni rekodi zipatazo milioni moja kwa mwaka.

Seva ilikuwa mashine moja chini ya meza ya karani. Prosesa ya kiini kimoja, kumbukumbu ya megabaiti 512, Debian 5, Apache, MySQL. Leo simu yako inaishinda mara nyingi, lakini ilikuwa ikifanya kazi na sote tuliiheshimu.

Siku hiyo ilikuwa siku ya malipo. Watu walianza kufika saa moja asubuhi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kila mtu pale alikuwa na karo kichwani. Karani, mama mmoja mtu mzima ambaye aliijua kazi yake kuliko sisi wote, alikuwa akiita jina, anafungua ukurasa wa mwanachama, anasoma kilo, anatoa makato ya chakula cha ng'ombe na daktari wa mifugo, anahifadhi, anahesabu pesa, mtu anaweka sahihi. Dakika mbili kwa kila mtu, tatu akiwa na maswali. Foleni ilikuwa ikienda vizuri.

Saa nne asubuhi meneja akaingia. Alihitaji ripoti ya mwaka ya wakurugenzi. Programu ya ripoti nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe kwa Perl. Sehemu ya kwanza ilisoma faili za maandishi za miaka ya nyuma na kuzijumlisha. Hiyo haikugusa hifadhidata, ilikula prosesa tu. Sehemu ya pili ilisoma jedwali la maziwa la mwaka ule.

Nikaianzisha. Meneja akasimama nyuma yangu dakika kumi. "Kijana, mbona inachelewa?"

"Mzee, mashine ina kazi mbili sasa. Inagawana na malipo."

"Hii ripoti ndiyo ya kwanza. Hayo mengine yangoje."

"Sawa, mzee."

Nami, kwa kiburi cha mtu aliyesoma kurasa mbili za mwongozo, nikajiona fundi kweli. Nilikuwa na nenosiri la root. Nikaandika:

renice -20 -p 4127

Nikafungua top, na hiki ndicho nilichokiona:

PID USER PR NI S %CPU COMMAND
4127 ripoti 0 -20 R 96.8 perl
2290 www-data 20 0 R 1.1 apache2

Meneja akatabasamu, akaenda kunywa chai.

Haikupita dakika tano nikasikia sauti ya karani. "Mwanangu, hii kompyuta yako imelala?"

Nikaenda kuangalia skrini yake. Amebofya jina la mwanachama, ukurasa mweupe. Tunangoja. Nusu dakika, ukurasa unaanza kujitokeza. Anabofya tena, tunangoja tena. Ukurasa ule ulihitaji kazi ya prosesa ya theluthi moja ya sekunde hivi. Kwa asilimia moja na kitu iliyobaki, theluthi ya sekunde ilikuwa imegeuka nusu dakika. Hata mimi niliporudi kwenye seva, herufi nilizoandika zilikuwa zikitokea moja moja, kama mtu anayefikiria.

Nje ya dirisha foleni ilikuwa imesimama. Mzee mmoja aliyekuwa wa pili kutoka mbele aliniambia, bila hasira, "Kijana wangu, gari la kurudi kwetu ni moja, linaondoka saa nane. Nimekuja kuchukua karo ya msichana wangu." Sikuwa na la kumjibu. Nilijua ni nani aliyemsimamisha pale. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu.

KUPISHA NI KINYUME CHA KUSUKUMA

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba kipaumbele ni cheo. Meneja ni mkubwa, ripoti ni ya wakurugenzi, kwa hiyo wapewe -20. Lakini mpanga zamu hajui cheo. Anajua tu ni nani aingie sasa na nani angoje. Swali linalofaa ni "nani ataumia akingoja?"

Nilimfuata meneja kwenye chai. "Mzee, mkutano wa wakurugenzi ni lini?"

"Kesho asubuhi."

Kesho asubuhi! Ripoti ilikuwa na saa ishirini mbele yake. Mzee wa karo alikuwa na saa tatu.

Nikarudi, nikaandika:

renice 19 -p 4127

Papo hapo kurasa za karani zikafunguka kama kawaida. Na hapa ndipo uzuri wa namba 19 unapoonekana. Karani hatumii prosesa muda wote. Akiita jina, prosesa imekaa bure. Akihesabu noti, imekaa bure. Mtu akitafuta miwani ili aweke sahihi, imekaa bure. Nafasi zote hizo ripoti ilizichukua kwa asilimia mia, na karani alipobofya ikasogea pembeni. Katika dakika mbili za mteja mmoja, ukurasa ulihitaji sekunde moja au mbili za prosesa. Zilizobaki zote zilikuwa za ripoti. Ilipoteza karibu hakuna kitu.

Ndiyo maana tangu siku ile sina desturi ya kupandisha mtu. Badala ya kuuliza nimpe nani -5, nauliza nani hana haraka nimpe 10 au 19. Matokeo kwa aliye mbele ni yaleyale, bila hatari ya kuisonga mashine nzima. Tena kushusha hakuhitaji root. Mtumiaji yeyote anaweza kuanzisha kazi yake kwa upole:

nice -n 19 perl ripoti.pl

Ukiandika nice bila namba, utapewa 10. Lakini jihadhari: mtumiaji wa kawaida akishajishusha hawezi kupanda tena, hata kurudi pale alipokuwa, isipokuwa msimamizi amemruhusu kwenye mipaka ya mfumo. Kupanda ni kwa root. Unyenyekevu ni wa kila mtu, kujikweza kunahitaji kibali. Nadhani walioandika kanuni hiyo walijua binadamu.

SAA SITA MCHANA

Ningependa kusimamia hapo, nionekane mwerevu. Lakini siku haikuwa imekwisha.

Saa sita na dakika chache karani akaniita tena. Safari hii malalamiko yalikuwa tofauti. "Inafungua, lakini nikibofya Hifadhi inaganda."

Nikafungua top kwa haraka.

PID USER PR NI S %CPU COMMAND
5310 root 20 0 R 96.9 gzip
4127 ripoti 39 19 R 1.5 perl
2204 mysql 20 0 S 0.0 mysqld

Gzip nikaijua mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiweka kwenye cron: kila saa sita mchana, wakati wa chakula, ifungashe picha za fomu za wanachama kama nakala ya akiba. Lakini kwa nini gzip imzuie karani? Gzip ilikuwa na 0, na Apache ilikuwa na 0. Ilibidi wagawane nusu kwa nusu, kurasa ziwe nzito kidogo tu. Tena Apache haikuonekana hata kidogo kwenye orodha. Haikuwa ikigombania prosesa. Ilikuwa imelala, inangoja kitu.

Nikaingia MySQL, nikaandika SHOW PROCESSLIST. Ombi la karani lilikuwa na neno moja pembeni: Locked. Limefungiwa nje.

Sasa nikaelewa, na nikashikwa na baridi. Ripoti ilikuwa imefika sehemu ya pili, ile ya kusoma rekodi milioni moja za maziwa. Kwa kuwa kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, nilikuwa nimeiandika ichukue rekodi kidogo kidogo badala ya kuzibeba zote kwa mara moja. Majedwali yetu yalikuwa ya aina ya MyISAM, ambayo hufungwa zima zima: anayesoma akiwa bado anasoma, anayetaka kuandika hungoja. Kwa hiyo kufuli la jedwali lilishikwa mpaka ripoti imalize rekodi ya mwisho. Na ripoti ingemaliza lini? Ilikuwa na upole wa 19, na gzip ilikuwa imeingia na 0. Ripoti ilibaki na asilimia moja na nusu ya prosesa.

Itazame foleni hiyo tena. Karani, tuliyetaka awe wa kwanza, anamngoja aliye wa mwisho kabisa, kwa sababu wa mwisho ameshika ufunguo. Na wa mwisho hawezi kusogea kwa sababu katikati kuna mtu mwingine, asiye na habari na ufunguo wala na karani, anayepita mbele yake kila mara. Gzip haikufanya kosa lolote.

Baadaye nilisoma kwamba hali hii ina jina, mgeuko wa vipaumbele, na kwamba ilikuwa imewapata watu wakubwa kuliko mimi. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baadaye kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha upya. Sababu ilikuwa ileile. Kazi ya kipaumbele cha chini, ya kukusanya data za hali ya hewa, ilishika kufuli lililohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu ya kusambaza data chomboni, na kazi za katikati zikaizuia ile ya chini isimalize. Mlinzi wa mfumo alipoona kazi kubwa haijatekelezwa kwa wakati, aliwasha upya kompyuta nzima. Wahandisi waliuiga mkasa kwenye mashine ya duniani, wakaelewa, wakatuma marekebisho hadi Mirihi: wakawasha kipengele cha kurithi kipaumbele, ambapo aliyeshika kufuli hukopeshwa cheo cha yule anayemngoja mpaka aliachie.

Mimi sikuwa na kipengele hicho. Kufuli la jedwali ni mambo ya ndani ya hifadhidata. Keneli hailijui na haiwezi kumkopesha mtu cheo kwa ajili yake. Ikabidi nifanye kwa mkono:

renice 19 -p 5310
renice 0 -p 4127

Gzip nyuma, ripoti mbele. Ile ripoti niliyokuwa nimeishusha asubuhi, sasa nikaipandisha, si kwa sababu ya meneja bali kwa sababu ya karani. Dakika chache baadaye ilimaliza jedwali, ikaachia kufuli, na maombi yote ya Hifadhi yakapita kwa mkupuo. Karani akasema "haya!" na kuita jina lililofuata.

Mzee wa karo alilipwa kabla ya saa saba. Ripoti ilichapishwa alasiri, na ilikaa mezani kwa meneja usiku mzima bila kusomwa na mtu.

Nilibadilisha programu wiki ileile: ripoti inanakili kwanza data kwenye jedwali la muda, inaachia kufuli, kisha inafanya hesabu zake kwa upole wa 19 mpaka itakapochoka. Ufunguo unarudishwa kabla ya kwenda nyuma ya foleni.

SOMA KABLA YA KUWEKA

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kugusa namba yoyote, soma. Mimi huanza na hii:

ps -eo pid,ni,stat,pcpu,comm --sort=-pcpu

Safu ya NI ni upole. Safu ya STAT ni hali. R maana yake mchakato unakimbia au uko tayari kukimbia, yaani ndio unaogombania prosesa. S umelala, unangoja tukio fulani. D unangoja, mara nyingi diski, na hausikii hata ukiuita. Herufi N pembeni inaonyesha mpole, na alama ya < inaonyesha aliyepandishwa.

Hapa kuna kanuni rahisi ambayo ingeniokoa siku ile: namba ya upole inasaidia tu baina ya walio kwenye R. Kama aliyekwama yuko kwenye S, anamngoja mtu. Mtafute mtu huyo. Kama yuko kwenye D, tatizo ni diski, na kumpa -20 ni kumpa mtu viatu vya kukimbilia akiwa amefungwa mguu. Kwenye top angalia pia namba ya wa, muda ambao prosesa imekaa bure ikingoja diski. Ikiwa juu, upole wa diski una amri yake, ionice. Kwa mfano ionice -c3 huiweka kazi isubiri mpaka diski iwe haina mwingine. Ila amri hiyo hutegemea mpanga zamu wa diski anayetumika. Zamani alikuwa CFQ, aliyeondolewa katika toleo 5.0 la mwaka 2019. Siku hizi anayeiheshimu vizuri ni BFQ.

Usichanganyikiwe na safu ya PR kwenye top. Kwa michakato ya kawaida ni 20 ukijumlisha NI: upole 0 ni 20, upole 19 ni 39, upole -20 ni 0. Ukiona rt, huyo ni mchakato wa wakati halisi, yuko foleni nyingine kabisa iliyo mbele ya zote hizi, mwache. Na ps -l itakuonyesha 80 kwa mchakato uleule ambao top inaupa 20. Ni vipimo tofauti vya kitu kimoja. Angalia NI, hiyo haibadiliki.

Kuna mtego mwingine wa siku hizi. Tangu toleo 2.6.38 la mwaka 2011, Linux inaweza kukusanya michakato ya kila kikao katika kundi lake, kisha kugawa zamu kati ya makundi kwanza. Ikiwa hivyo, namba ya upole inalinganisha walio ndani ya kundi moja tu. Unaweza kushusha kazi hadi 19 katika dirisha moja la amri, na bado ikagawana nusu kwa nusu na kazi ya dirisha la pili. Wengi wamedhani nice imeharibika. Soma:

cat /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled

Ukiona 1, ujue makundi yako kazini. Na kwa huduma zinazoendeshwa na systemd, njia nzuri ni kulipa kundi zima uzito wake kwa CPUWeight. Kawaida ni 100, na unaweza kuweka kuanzia 1 hadi 10000. Huduma ya nakala za akiba nikiipa 20, kila kilicho ndani yake kinapisha, pamoja na watoto itakaowazaa baadaye.

Mwisho, kumbuka mashine za leo zina viini vingi. Wenye njaa wakiwa wanne na viini vinne, kila mmoja ana sahani yake, na namba ya upole haibadilishi chochote. Inaanza kuhesabika pale wanaotaka wanapozidi viti.

NILICHOBAKI NACHO

Miaka imepita, na nimefanya kazi na seva ambazo ningeziota tu mwaka 2009. Lakini kila ninapotaka kuandika renice, namuona yule mzee dirishani. Najiuliza maswali matatu. Nani ataumia akingoja? Nani hana haraka, anayeweza kupisha bila kupoteza kitu? Na la tatu, nililolijua saa sita mchana: huyu ninayemrudisha nyuma, je, ameshika ufunguo wa mlango?

Ukimwambia mwenye ufunguo akae mwisho wa foleni, hujampunguzia mtu foleni. Umefunga mlango.

Jaribuni nyumbani kwa kazi zenu, si kwenye seva ya watu wanaongoja karo. Tuonane siku nyingine, Mungu akipenda.